Kompyuta Iliyogoma Kwenye Asilimia 30

Nina steshenari ndogo Morogoro, upande wa Mafiga. Kazi ni zile zile mnazozijua: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, kubaindi ripoti za wanafunzi, kumjazia mtu fomu za mtandaoni. Kompyuta ya kazi ni moja tu, ya mezani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. RAM yake ni GB 4, diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, GB 500, na ndani kuna Windows 10. Ikisimama hiyo, duka zima limesimama.

Jumatano ya Julai 9, 2025, jioni, nilipotaka kuizima ikanipa chaguo la kusasisha kwanza kisha ijizime yenyewe. Masasisho ya Windows ya kila mwezi hutoka Jumanne ya pili, na kwa saa zetu huanza kuonekana usiku wa siku hiyo, ndiyo maana wengi wetu tunayakuta Jumatano. Nikabonyeza, nikaiacha inahesabu asilimia, nikafunga mlango. Sikuangalia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ina uniti ngapi. Usiku uniti zikaisha, umeme ukakatika sasisho likiwa katikati.

Alhamisi nilifika saa 1 na nusu asubuhi, nikanunua umeme kwa simu, nikaingiza zile tarakimu 20, nikawasha. Skrini ikaleta vidoti vinavyozunguka na maneno ya kuniambia nisizime kompyuta. Asilimia 5, 12, 20, 28, zikapanda vizuri. Ikafika 30, ikanyamaza.

Saa 2 na robo akaja kijana wa chuo. Ripoti yake ya kurasa 74 tuliipanga pamoja jana yake, na alitakiwa kuikabidhi saa 8 mchana ikiwa imebaindiwa. Faili la mwisho, lenye masahihisho ya msimamizi wake, lilikuwa kwenye desktop ya mashine ile. Kwenye flash yake alikuwa na toleo la wiki iliyopita.

"Mama, imo humo?"

"Imo, mwanangu. Haijapotea. Tusubiri kidogo."

Nilimwambia haijapotea kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, lakini moyo ulikuwa unanidunda. Saa 3 kasoro robo bado 30. Saa 3 kamili, 30. Fundi simu wa kibanda cha jirani akaingia, akatazama, akasema, "Dada, hiyo imeganda. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi, izime, uwashe upya. Mimi zote nazifanya hivyo." Kidole changu kilishafika kwenye kitufe.

Nikajizuia, nikampigia kwanza mtoto wa kaka yangu, yuko Dodoma, anashughulika na kompyuta za ofisi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mashine imegoma asilimia 30, saa nzima sasa. Nizime?"

"Usizime. Niambie kwanza, taa ya diski inafanyaje?"

Miaka mitatu nimekaa na mashine ile sijawahi kuitazama hiyo taa. Mbele ya boksi, chini ya kitufe cha kuwashia, kuna taa mbili. Moja ni ya umeme, inawaka moja kwa moja. Ya pili ni ndogo, nyekundu, pembeni yake pamechorwa kialama kama ngoma ndogo. Hiyo ndiyo ya diski. Nikainama hadi karibu na sakafu, nikaziba mwanga wa mlangoni kwa kiganja. Ilikuwa inapepesa: mara mbili haraka, inatulia, mara nyingi mfululizo, inatulia. Nikaweka sikio kwenye boksi, nikasikia diski inakwaruza kwa ndani, krr, krr, kama panya kwenye dari.

"Inapepesa," nikamwambia.

"Basi inafanya kazi. Bonyeza Caps Lock, uone kama taa yake ya kwenye kibodi inawaka na kuzima."

Ikawaka. Nikabonyeza tena, ikazima.

"Shangazi, hiyo haijakwama, imechelewa tu. Iache. Taa ya diski ikizima kabisa nusu saa nzima bila kupepesa hata mara moja, nipigie."

Hapo ndipo aliponifafanulia jambo ambalo natamani kila mwenye steshenari alijue. Ile asilimia haipimi muda. Inahesabu hatua, na hatua hazilingani. Hatua moja inaweza kwisha kwa sekunde tano, inayofuata ikachukua saa nzima, hasa kwenye diski ya kuzunguka yenye mafaili madogo madogo maelfu ya kubadilisha. Namba ikisimama, maana yake hatua hiyo haijaisha, basi. Ukiikatia umeme hapo, unaweza kuacha mafaili ya mfumo nusu mapya na nusu ya zamani, na mashine inaweza isiwake tena.

Nikamweka kijana kwenye kiti, nikaendelea na wateja wa kopi, maana mashine ya kopi haihitaji kompyuta. Kila baada ya dakika chache nilikuwa nainama kutazama ile taa. Saa 4 na dakika 10 maneno yakabadilika: sasa inasema inarudisha mabadiliko nyuma. Kijana akashika kichwa. Mimi nikapata nafuu, kwa sababu kurudi nyuma ni kazi nayo, ina mwisho. Saa 5 kasoro dakika 10 ikaja skrini yetu ya kawaida, na faili lake liko pale pale tulipoliacha. Kabla ya kitu chochote nikalinakili kwenye flash yake na kujitumia mwenyewe kwa barua pepe. Kisha tukachapa. Saa 7 kasoro ripoti ilikuwa imebaindiwa, yuko kwenye bodaboda.

Kazi yangu ndiyo kwanza ikaanza. Kwenye historia ya masasisho niliona limeshindikana, na mbele yake namba 0x80070070. Mtoto wa kaka aliposomewa hiyo namba hakusubiri nimalize: nafasi haitoshi. Nikamwambia haiwezekani, diski ni GB 500. Akasema nifungue nione C peke yake. Kweli, fundi aliyeniwekea Windows aliigawa diski: C GB 60, D zote zilizobaki. C ilikuwa imebakiwa na GB 1.3. D ilikuwa karibu tupu.

Aliyeijaza C ni kazi ya kila siku. Mteja anatuma CV kwa WhatsApp, naipakua, inakaa kwenye Downloads. Anatuma cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, picha za pasipoti, vyote vinakaa humo. Nilipopima, Downloads peke yake ilikuwa na GB 11. Na hapa niseme kilichoniumiza kuliko sasisho lenyewe: humo mlikuwa na vitambulisho vya watu niliowahudumia miaka miwili nyuma, vikiwa wazi kwa yeyote anayekaa kwenye kiti changu. Watu walinipa ili niwachapie, hawakunipa nivitunze. Nilivifuta vyote jioni ile, nikavitoa na kwenye Recycle Bin. Sasa kila siku kabla ya kufunga natoa vya siku hiyo.

Baada ya hapo niliendesha Disk Cleanup, programu ya Windows ya kusafisha diski, nikabonyeza "Clean up system files" ili ionyeshe na mabaki ya mfumo, nikaweka tiki kwenye mabaki ya masasisho ya zamani na mafaili ya muda. Hiyo ilichukua karibu saa nzima, na taa ikipepesa muda wote. Nikazima pia ile hali ya kompyuta kulala usingizi mzito (hibernate) kwa amri ya powercfg -h off, ambayo iliondoa faili moja la zaidi ya GB 1. Mwisho nikaihamishia Downloads kwenye D: unabofya folda kwa kitufe cha kulia, Properties, kisha Location, kisha Move. Nilipomaliza, C ilikuwa na GB 19 wazi.

Ijumaa jioni nikajaribu tena kupakua sasisho kwa hotspot ya simu. Bando likaisha katikati. Nikanunua jingine, ikaendelea hadi asilimia 46, ikasimama. Jumamosi asubuhi 46. Jumamosi mchana 46.

Safari hii sikuhitaji kumpigia mtu. Nikainama kwenye taa: kimya. Nikafungua Task Manager, dirisha linaloonyesha kompyuta inafanya nini, nikatazama safu ya diski na ya mtandao: sifuri, mara moja moja kitu kidogo kinapita. Nikaiacha nusu saa, hakuna mabadiliko. Hii ndiyo kukwama kwenyewe, na kuisubiri kungekuwa kupoteza siku. Bando lilipokatika, pande la faili lilibaki nusu, na Windows ikawa inalirudia hilo hilo bovu kila mara.

Jumapili baada ya ibada nikafungua duka, nikafunga mlango kwa ndani. Nilitafuta Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, nikabofya kwa kitufe cha kulia na kuchagua kuifungua kama msimamizi, maana bila hivyo amri hizi zinakataliwa. Niliziandika moja moja, nikisubiri jibu la kila moja:

net stop wuauserv
net stop bits
net stop cryptsvc
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
ren C:\Windows\System32\catroot2 catroot2.old
net start cryptsvc
net start bits
net start wuauserv

Tatu za kwanza zinasimamisha huduma zinazohusika na kupakua na kuhakiki masasisho. Zile mbili za ren hazifuti kitu, zinabadilisha tu majina ya folda ambamo Windows huweka ilivyopakua na kumbukumbu za uhakiki. Huduma zikiwashwa tena hazizioni zile folda, zinatengeneza mpya, safi. Mimi kwenye catroot2 niliambiwa ruhusa hakuna. Sababu ni kwamba huduma ya cryptsvc ilikuwa imejiwasha yenyewe nikiwa bado naandika. Nikaisimamisha upya, nikaandika ren haraka, ikakubali. Usishtuke ukikuta historia ya masasisho imekuwa tupu baada ya hapo. Masasisho yaliyokwisha kuingia yapo, iliyofutika ni orodha.

Kwa kuwa umeme ulikatika sasisho likiwa katikati, mtoto wa kaka aliniambia nisiishie hapo, nikague na mafaili ya mfumo wenyewe. Kwanza:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hii inakarabati ghala ambalo Windows huchota mafaili yake, na inaweza kuyapakua mtandaoni, kwa hiyo bando liwepo. Kwangu ilipanda hadi 62.3, ikakaa hapo dakika ishirini na kitu. Ningekuwa mtu wa wiki ile iliyopita ningeifunga. Nilitazama taa, ikawa inapepesa, nikaenda kujimiminia chai ya chupa. Niliporudi ilikuwa 100. Kisha sfc /scannow, ambayo inalinganisha mafaili yanayotumika na yale ya ghala. Ikasema imekuta yaliyoharibika na imeyarekebisha. Fuata mpangilio huo, DISM kwanza, maana sfc ikichota kwenye ghala bovu haina cha kurekebishia.

Nikawasha upya, nikabonyeza kutafuta masasisho. Likapakuliwa lote kwa mkupuo, bando la GB 5 likiwa limejaa na LUKU ina uniti 20. Kuingia kukaanza. 10, 18, 25, 30. Ikasimama kwenye 30.

Nilikaa chini kabisa, mgongo ukutani, macho yakiwa usawa wa ile taa nyekundu. Ilipepesa dakika 25. Kisha 31, 34, 40, ikawasha upya mara mbili, na saa 11 jioni nikaandika nenosiri langu. Kwenye ukurasa wa masasisho palikuwa na alama ya tiki ya kijani.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025, na mashine yangu haikubali Windows 11, chipu yake ni ya zamani mno. Niliisajili kwenye mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama, unaokwisha Oktoba 13, 2026, kwa hiyo Jumanne ya pili bado inanihusu. Fundi simu wa jirani alikuja mwezi uliofuata na laptop ya mteja iliyosimama kwenye asilimia 75. Aliiweka juu ya kaunta yangu, akaanza kuigeuza geuza kutafuta taa ya diski iko upande gani.

Zile folda mbili za .old nilizifuta baada ya wiki mbili, nilipohakikisha mashine haina tatizo. Zilinirudishia karibu GB 3.