Siku moja na ukoga wa majaruba ya chumvi, Mchinga

Saa 10 alfajiri

Mwezi ulitimia juzi, kwa hiyo ni bamvua, maji makubwa, na pwani yetu maji ya bamvua hujaa alfajiri. Mimi hupanga siku zangu kwa maji kwanza, saa baadaye. Sanduku nimelifunga tangu jana: chupa tupu, kisu chembamba, haidromita ya kupima ukali wa maji ya chumvi, kipima pH (namba ya uchachu: ikipanda, uchachu umepungua), lenzi ya mkononi na tochi mbili. Kaka wa bodaboda ananisubiri nje. Ananibeba kutoka Lindi mjini hadi Mchinga kwa mwaka wa nne sasa, na siku hizi sanduku analifunga mwenyewe, maana anajua chupa zinakaa upande gani.

Saa 11 na nusu alfajiri

Kabla hujayaona majaruba, unayanusa. Yai viza. Wageni huziba pua, lakini kwangu harufu hii ni taarifa: usiku ulikwenda kama unavyopaswa kwenda.

Chini ya maji ya mabwawa ya mwanzo, kabla chumvi haijaanza kuganda, umetandaza ukoga mnene kama mkeka. Ni mji wa bakteria, umepangwa ghorofa kwa ghorofa. Mchana wale wa juu, sianobakteria, hutumia jua na kutoa oksijeni. Jua likizama kazi hiyo inasimama, na waliobaki humaliza oksijeni upesi sana. Hapo wale wa chini kabisa, wanaopumua kwa salfeti, salfa iliyoyeyuka kwenye maji ya bahari, badala ya oksijeni, wanapata nafasi. Taka yao ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ndiyo hiyo harufu, na usiku hupanda mpaka juu.

Namulika tochi. Juu ya ukoga pana utando mweupe, mwembamba kama malai ya maziwa yaliyopoa. Hao ni Beggiatoa, bakteria warefu kama nyuzi, wanaoishi pale salfaidi na oksijeni zinapokutana. Mpaka huo ukipanda nao hupanda, ukishuka hushuka. Napima pH: chini ya 8. Naandika. Nimeandika mistari ya namna hii mara nyingi, na bado mkono unanisisimka utando ule unapoanza kuzama mwanga ukija.

Saa 1 asubuhi

Nakata kipande, ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, nakigeuza ubavu. Juu kuna rangi ya dhahabu iliyochafuka, kisha kijani kibichi, kisha mstari wa zambarau ambao hauzidi unene wa kucha, kisha weusi tii. Zambarau ni bakteria wanaotumia mwanga pamoja na salfaidi, hawatoi oksijeni hata chembe. Weusi ni chuma kilichoungana na salfaidi. Maisha manne tofauti, na kipande chote kinatosha kiganjani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja tena kuchimba ukoga wako? Sisi tunaukwangua tuutupe, wewe unautia chupani."

Bibi huyu amekwangua chumvi tangu mimi sijazaliwa. Ndiye aliyenifundisha kulijua bwawa kwa miguu: likiwa laini na baridi kidogo, ukoga ni hai, likiwa gumu la kuchoma unyayo, jasi, madini ya plasta, imeanza kuota. Haidromita yangu haijawahi kumpinga.

Saa 3 asubuhi

Chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Msimamizi wa shamba anakuja na habari mbaya: wiki ijayo vijana watakwangua mabwawa yote, pamoja na yale ya mwanzo, ili "shamba liwe safi".

Namwomba anisikilize. Kwenye jaruba la mwisho, pale chumvi inapoganda, sawa, ukoga hautakiwi. Ute wake ukizidi kwenye maji makali, chumvi huwa ya chenga ndogo zisizo na sura nzuri. Lakini kwenye mabwawa ya mwanzo ukoga ni sakafu. Unaziba udongo, maji yasinywewe na ardhi. Unafyonza mbolea inayoingia na maji ya bahari, ambayo vinginevyo ingelisha mimea midogo inayoelea na kuyachafua maji. Ukiukwangua huko, utaipata hasara mwezi ujao na hutajua imetoka wapi.

Anatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa. "Nitaongea na mwenye shamba, dada."

Jambo hili linaniuma kuliko ninavyoweza kuonyesha mbele yake. Mkeka huu umechukua misimu kadhaa kufika hapa, na reki inaumaliza asubuhi moja.

Saa 6 mchana

Hii ndiyo saa yangu. Jua la utosi. Weupe wa alfajiri haupo tena, umezama. Ukoga umejaa mapovu, mengine yameunyanyua ukatuna kama andazi. Kilichomo zaidi ni oksijeni. pH imepita 9.

Hapa ndipo viumbe wanapogeuka mafundi wa mawe. Sianobakteria wanapovuta kaboni dioksaidi kutoka majini, maji hupungua uchachu, na kalsiamu iliyokuwa imeyeyuka humo hukutana na kabonati ikawa chembe ngumu. Lakini si rahisi hivyo tu. Ute wa ukoga kwanza huikamata kalsiamu na kuizuia isigande. Ni mpaka bakteria wengine waule ule ute ndipo kalsiamu inaachiliwa, na chembe huota papo hapo kati ya nyuzi. Kwa hiyo jiwe linategemea wanaojenga na wanaokula vilevile.

Bibi alikuwa anakula wali na samaki wa kukaanga kivulini. Nikamwomba kipande cha ndimu. Nikachagua chembe mbili nyeupe, moja ya ndani ya ukoga, nyingine ya bwawa la mbele, nikazisuuza na kuziweka juu ya kifuniko cheusi. Nikakamulia tone moja kila chembe, nikampa lenzi. Ile ya kwanza ikaanza kutoa mapovu madogo madogo, kama soda inayokaribia kufa. Ya pili ikakaa kimya.

"Hii inachemka," akasema.

"Hiyo ni ndugu ya chokaa, bibi. Ile nyingine ni jasi, kama ile wanayochimba Kilwa."

Akaishika lenzi muda mrefu. Akakamua ndimu tena, mwenyewe.

Mpangilio wa mabwawa ni huu: maji ya bahari huingia na chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Jua likiyapunguza hadi karibu nusu, huganda kabonati. Yakibaki kama sehemu moja ya tano, jasi. Yakibaki sehemu moja ya kumi, chumvi yetu ya kula. Shamba lote ni kitabu cha madini kilichofunguliwa, unakisoma ukitembea kwa miguu.

Saa 8 mchana

Chini ya mkorosho uliotoa maua, nikisubiri kipimo kingine.

Watu huniuliza niliingiaje kwenye kazi hii. Nilisomea miamba. Chuoni nikasoma kwamba mwanajiolojia Mjerumani, Ernst Kalkowsky, mwaka 1908, aliyaita mawe fulani yenye matabaka "stromatoliti" na kusema yalijengwa na viumbe hai. Mengine, kule Australia Magharibi, yana zaidi ya miaka bilioni 3.4. Hapa Lindi kila mtoto anamjua mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyeko Berlin, mwenye umri wa miaka kama milioni 150. Ukoo wa ukoga huu, uliojenga mawe hayo, ni mkongwe kuliko yeye zaidi ya mara 20. Tena sianobakteria ndio walioanza kuijaza dunia oksijeni, takribani miaka bilioni 2.4 iliyopita. Siku niliyoyaunganisha hayo na ule utelezi niliokuwa nikiangukia utotoni kwenye majaruba, sikulala.

Haikuwa njia nyoofu. Mwaka wangu wa pili wa utafiti nilituma sanduku la sampuli kwa basi. Likasahauliwa stendi siku mbili juani. Lilipofika maabara, miezi mitatu ya kazi ilikuwa supu ya kijivu. Nililia, kisha nikarudi Mchinga kuanza upya, na msimu ule mpya ndio ulionionyesha jinsi mkeka unavyobadilika kati ya usiku na mchana, jambo ambalo sampuli za mwanzo, zote za mchana, zisingenionyesha kamwe.

Wenzetu wamechunguza mikeka ya namna hii Guerrero Negro, Mexico, ambako pia ni mashamba ya chumvi, na wanasayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani, wamo, maana anayetafuta dalili za uhai sayari nyingine lazima ajue uhai unaacha alama gani kwenye jiwe. Nataka Mchinga nayo isomwe.

Saa 11 jioni

Maji yamejaa tena. Vijana wanafungua lango, bahari inaingia. Nafunga sanduku. Msimamizi ananifuata hadi kwenye pikipiki: mwenye shamba amekubali mabwawa mawili ya mwanzo yaachwe, mpaka mvua. Mawili kati ya sita. Nimemshukuru kwa mikono miwili.

Saa 3 usiku

Chumbani, Lindi mjini. Darubini, daftari, feni. Kipande cha asubuhi nimekitia kwenye chupa pana na kukifunika kitambaa cheusi tangu niliporudi. Nakifunua taratibu. Weupe umeshapanda, umetanda juu yote, kama kule bwawani.

Kesho maji yatachelewa dakika 50 hivi. Nitalala kidogo zaidi.