Kuvisha ndege pete Eilat mwezi wa Machi: nilivyopanga kazi kwa kufuata jua

Ndege mdogo anayetua Eilat alfajiri ya Machi ametoka kuvuka Sahara, kisha Sinai. Ukipuliza manyoya ya kifua chake na kutazama kishimo kilicho chini ya koo, mahali mafuta yanapokaa, mara nyingi utakuta ngozi nyekundu tupu. Hana akiba. Kila dakika unayomshika anailipia kwa nguvu chache zilizobaki, na ikifika saa nne asubuhi joto nalo linaanza kumdai. Kwa wiki 2 za mwisho wa Machi nilikuwa pale nikinasa ndege kwa wavu na kuwavisha mguuni pete yenye namba, na nilipanga kila kitu, kuanzia mahali pa wavu hadi mpangilio wa meza, kwa kujiuliza swali moja tu: hili litampunguzia au litamwongezea dakika?

Mji wa Eilat uko Israeli, kwenye ncha ya kaskazini ya Ghuba ya Aqaba, Bahari ya Shamu. Kituo cha ndege kiko kaskazini ya mji, karibu na mpaka wa Jordani, juu ya ardhi iliyokuwa jalala kabla ya kupandwa vichaka na kuchimbwa mabwawa. Katika bonde kavu namna hiyo, kijani hicho kidogo ndicho ndege anachokiona kutoka juu. Wengi wao tunawafahamu. Phylloscopus trochilus, kindege yule anayerukaruka kwenye migunga ya Naivasha mwezi Januari, mbayuwayu wa kwenye nyaya za umeme, shakivale wa nyika, ndege wa mawindo wanaopita Bonde la Ufa: hawa wote wana ndugu zao wanaopita Eilat wakielekea kaskazini kuzaliana.

Mikono yangu ilifundishwa Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako ndege wahamaji wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969. Kule ndege hushuka usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, wakivutwa na taa, na hewa ni ya baridi. Ustadi wa vidole niliutoa huko ukanifaa. Ratiba ya huko haifai jangwani hata kidogo. Kuhusu kibali, mgeni hafungui wavu kwa niaba yake mwenyewe. Anafanya kazi chini ya mvishaji mwenye leseni, kwa pete za nchi hiyo. Andika miezi kadhaa kabla, na utaje idadi ya ndege uliowahi kuwavisha kwa kila spishi.

Nyavu nilizotumia ni za mita 12, rafu 5 (safu za mifuko anamonasa ndege), tundu la milimita 16, kwenye nguzo za mita 3. Tundu hilo linawafaa ndege wa gramu 6 hadi 30 hivi. Hudihudi ni mkubwa mno kwa tundu hilo: huruka na kutoka, au ananing'inia kwa kucha na kujisokota.

Mahali pa kuusimamisha wavu ndipo penye kazi kubwa. Bonde la Arava lina upepo wa kaskazini karibu kila siku. Wavu uliokingama upepo hujaa kama tanga: mifuko ya rafu inanyooka, ndege anaugonga na kuruka nyuma, na aliyenasa anazungushwa hadi uzi unamkaza bawa. Kwa hiyo mistari yangu yote niliielekeza kaskazini–kusini, sambamba na upepo, upande wa magharibi wa safu za mitamariski. Hapo kuna faida ya pili: jua la asubuhi linatoka nyuma ya miti, na wavu unabaki kivulini kwa muda mrefu zaidi. Wavu wa upande wa mashariki wa miti ile ile ulinibidi niufunge saa nzima kabla ya mingine.

Kigingi cha kawaida hakishiki kwenye udongo ule wa chumvi. Asubuhi na umande kinaonekana imara, saa tatu kamba imelegea na rafu ya chini iko mchangani. Tumia vipande vya nondo vya sentimita 60 na uvipigilie kwa mshazari, au funga kamba kwenye gunia la mchanga. Kamba ya chini kabisa iache juu ya ardhi kwa sentimita 30, kwa sababu mfuko wenye ndege hushuka, na ndege akigusa ardhi anapata mchanga wa moto na sisimizi. Fyeka chini ya mstari wote. Mbigili moja ndani ya wavu inakula dakika 10 za kuinasua, na dakika hizo unazihitaji kwingine.

Mwishoni mwa Machi jua linachomoza Eilat saa kumi na moja na dakika 40 alfajiri hivi, kwa saa za kawaida. Nyavu zilikuwa wazi nusu saa kabla. Kuna mtego hapa: Israeli husogeza saa mbele kwa saa 1 siku ya Ijumaa kabla ya Jumapili ya mwisho ya Machi. Ukiendelea kufuata saa ya mkononi bila kurekebisha ratiba, unafungua gizani saa nzima mapema mno, na unafunga saa nzima kabla ya wakati wake. Andika ratiba kwa kuhesabu dakika tangu macheo.

Mzunguko wa kukagua nyavu ulikuwa kila dakika 20, na kuanzia nyuzi 25 ukawa kila dakika 10. Thamometa nilitundika kwenye wavu wenye joto kuliko yote, maana meza iko chini ya turubai na itakudanganya. Ikifika nyuzi 30, nyavu zote zinafungwa, hata kama ndege wanamiminika. Siku ambazo upepo au vumbi limewashusha wengi kwa mkupuo ndizo ngumu zaidi kutii kanuni hii, na ndizo inapohitajika kuliko siku nyingine. Siku kama hiyo nilifunga nusu ya nyavu mapema, kabla mifuko haijajaa. Idadi ya nyavu iwe ile ambayo watu waliopo wanaweza kuimaliza kwa dakika 20. Kwetu watu 3 tulitosha nyavu 10.

Kumtoa ndege, tafuta kwanza upande alioingilia. Fungua mfuko wa rafu, mtazame tumbo: pasipo na uzi juu yake ndipo mlango. Ukikosea upande, utavuta nyuzi ambazo hazikutakiwa kuguswa. Mimi huanza na miguu, nikishika mapaja karibu na mwili, kamwe si sehemu nyembamba ya mguu, kisha bawa moja, kichwa, bawa la pili. Uzi ukiwa nyuma ya ulimi, uusogeze mbele taratibu kwa ncha ya kijiti laini. Baada ya dakika 2 bila mafanikio, mwite mwenzako. Dakika 4, kata uzi. Wavu unashonwa.

Mbwigu, ndege mdogo mwindaji, ni jambo la peke yake. Lanius nubicus anauma vizuri tu, lakini hatari yake ni kwa wengine: akikaa kwenye nguzo anaweza kumshambulia aliyenasa. Akionekana karibu na mstari, funga mstari huo hadi aondoke. Paka na mbweha hujifunza njia ya nyavu kwa siku chache, kwa hiyo usiache ndege rafu ya chini asubiri.

Kila ndege na mfuko wake wa pamba, mkavu. Kibanio cha nguo chenye rangi kinaonyesha mstari aliotoka, na mifuko inatundikwa kwa mpangilio wa kufika, kivulini penye hewa. Aliyefika kwanza anahudumiwa kwanza, isipokuwa wale wadogo kabisa na yeyote anayehema, hao wanapita mbele.

Mezani mpangilio wangu ulikuwa: spishi, pete, umri, bawa, mafuta, misuli, uzito, na kuachia. Pete inatangulia ili chochote kikitokea baadaye ndege aende na namba yake. Phylloscopus collybita, ndugu wa karibu wa trochilus, alichukua pete ya kipenyo cha milimita 2.0. Ifunge kwa mibano miwili: wa kwanza pengo likielekea mbele ya koleo, kisha zungusha pete robo na ubane tena. Pitisha ukucha kwenye kiungo. Ukikwama, kuna ncha iliyopanda, na ncha hiyo itakata mguu. Pete nzuri inazunguka na kuteleza bila kukwama.

Collybita na trochilus huchanganywa sana, hasa manyoya yakiwa yamepaushwa na jua. Usihangaike na rangi ya miguu. Fungua bawa, hesabu manyoya makuu kutoka nje, ukianza na lile fupi kabisa kuwa la 1. Unyoya wa 6 ukiwa na mkato ukingoni, ni collybita. Usipokuwa nao, ni trochilus. Umri wa majira haya ni alama 5 kwa aliyezaliwa mwaka jana, 6 kwa mkubwa zaidi. Usipoona wazi tofauti kati ya manyoya ya zamani na mapya, andika 4, yaani si wa mwaka huu lakini mwaka wake haujulikani, na uendelee. Umri wa kubahatisha huharibu daftari la miaka.

Mafuta hupimwa kwa alama 0 hadi 8, misuli ya kifua 0 hadi 3. Hapa ndipo uamuzi unapofanyika. Ndege mwenye mafuta 0 na mfupa wa kifua uliochongoka kama kisu hakupimwa bawa wala kupigwa picha: pete, uzito, aende zake. Nilipima Sylvia atricapilla, kindege mwingine mhamaji, wa gramu 13 na 14, na huyo akiwa na afya ya kawaida anafika 18. Mizani ya kielektroniki iweke ndani ya sanduku, kwa sababu upepo mdogo tu unayumbisha gramu nzima, na irudishe kwenye sifuri kila baada ya ndege 5.

Dalili za kuzidiwa ni macho kufumba, manyoya kuvimba, mdomo wazi. Hapo simamisha vipimo. Mweke kwenye sanduku la karatasi lenye matundu, kivulini, kimya, kwa dakika 10, kisha fungua sanduku chini ya kichaka. Na ndege wote waachie chini, kiganja wazi, kuelekea vichakani. Upande wa bwawa la chumvi hakuna cha kula wala pa kujificha.

Nyavu zikifungwa saa tatu na nusu au saa nne, hewa moto inakuwa imeanza kupanda milimani, na shakivale nao. Mwishoni mwa Machi ndio kilele chao. Tai wa nyika huwa wamepita kwa wingi mapema zaidi, na vipanga wa Levant huja mwishoni mwa Aprili. Mahali pazuri ni Mlima Yoash, magharibi ya mji. Hesabu ndege wanapotoka juu ya mnara wa hewa moto kuanza kuteleza, si wanapozunguka ndani yake, kwani hapo utamhesabu mmoja mara 3. Upepo ukigeuka, mkondo wote unahama; mlimani kukiwa patupu, shuka utazame bondeni. Beba maji lita 5 kwa mtu, pasipoti mfukoni, na usielekeze darubini kwenye uzio wa mpaka.

Ndege mwenye pete yako akirudi wavuni siku nyingine, mpe nafasi ya mbele mezani: uzito, mafuta, na saa kamili. Bila saa uzito wake hausemi kitu, kwa sababu ndege yule yule huwa mzito zaidi jioni akiwa ameshakula. Linganisha asubuhi kwa asubuhi. Akirudi siku ile ile, soma namba ukiwa hapo hapo kwenye wavu, iandike kwenye kadi ya mfukoni, umwachie upande aliokuwa anaelekea.