Mzee Deni Fotokopi

Kwa wanaoniuliza mbona nimekonda: nimehamisha kundi zima la wakulima wa kahawa kutoka WhatsApp kwenda kwenye tovuti yetu wenyewe. Kazi yote nimeifanya usiku, baada ya kufunga duka langu la steshenari hapa Mbuyuni, Moshi.

Kundi lilianza 2017 na watu kumi na wawili wa Kibosho na Uru. Leo tuko mia nne na ushee. Kila masika mtu anauliza habari ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kila masika walewale wanajibu yaleyale, maana jibu la mwaka juzi limeshafukiwa na salamu za asubuhi, picha za harusi na michango ya misiba.

Nikachagua Discourse, programu huria ya kuendesha jukwaa la mijadala, unayoweza kuipakua bure ukaiweka kwenye seva yako, yaani kompyuta inayobaki mtandaoni muda wote. Programu ni bure, seva si bure. Nilikodi ya dola 6 kwa mwezi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1, kiwango cha chini kabisa inachodai. Ikagoma mara mbili katikati ya kusimikwa, mpaka nilipotenga gigabaiti 2 za diski ziisaidie kumbukumbu. Usiku mmoja tu, nikajiona nimemaliza.

Kumbe. Ukitoa mazungumzo WhatsApp unapewa faili la maandishi, na kila ujumbe unabeba jina la msemaji kama ulivyolihifadhi wewe kwenye simu yako. Mimi hilo halikunipitia kichwani. Nilipandisha mazungumzo ya chulebuni, nikawaalika wazee watano wajaribu. Wa kwanza kufungua akanipigia.

"Mwanangu, huyu Mzee Deni Fotokopi ni nani? Mbona maneno ni yangu?"

Shemeji Kero naye alikuwamo. Nilifuta kila kitu usiku huohuo, nikaanza upya, safari hii kwa kuomba ruhusa kwanza, jambo ambalo lilitakiwa liwe la mwanzo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwapo, maneno ya watu si mali ya admini. Watu thelathini na mmoja walikataa. Nimeyaacha ya kwao, pamoja na somo zuri kuliko yote tuliyowahi kupata kuhusu samadi. Deni la fotokopi, kwa taarifa yenu, lililipwa kesho yake.

Kisha barua pepe. Discourse haimpokei mtu asiye na barua pepe. Wazee wanazo, ndiyo, ila zilifunguliwa na kijana wa duka la simu siku waliponunua simu, na neno la siri alibaki nalo yeye. Ikabidi nifungue anwani chini ya jina la tovuti yetu, mmoja mmoja, wakiwa wamekaa dukani kwangu. Mama mmoja wa Uru alifikiri muda mrefu, akachagua neno la siri, jina la ng'ombe wake, halafu akawatajia wote waliokuwa kwenye foleni.

Lakini kilichonikondesha hasa ni sauti. Mzee wetu wa kupogoa, wa Kibosho, hajawahi kuandika hata mstari mmoja. Yeye hutuma sauti. Kwenye faili, pale alipoongea pana alama tu kwamba kitu kimeachwa nje. Kwa hiyo nazisikiliza kwenye simu na kuzichapa kwa mkono. Katika moja anaeleza kwa nini hang'oi mibuni yake ya N39, aina ya zamani, ingawa miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, inastahimili chulebuni na kutu ya majani: ilipandwa na baba yake, na yeye mrututu, dawa ya kuzuia kuvu, anaujua kuupiga kwa wakati. Anaanza kwa Kiswahili, akinogewa anahamia Kikibosho. Mimi Mrombo. Hapo nasimamisha, nampelekea mama mkwe anitafsirie, naye anaanza kubishana na simu kuhusu kivuli cha migomba.

Nimechapa kumi na tisa. Zimebaki arobaini na kitu. Juzi nilimwelekeza mzee namna ya kuandika mwenyewe kwenye tovuti, akaitikia vizuri sana, na jana usiku simu ikalia: sauti, dakika saba.