Wasikamilishwe Pasipo Sisi

Somo la juma: Yeremia 29:1–14, Matendo 28:30–31, Waebrania 11:39–40

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kuna mstari ambao waumini wengi wanaujua kwa moyo, hata wale ambao hawajawahi kukisoma kitabu unamotoka. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ni Yeremia 29:11. Tunatumiana mwaka unapoanza, tunampa kijana anayemaliza masomo, tunautundika ukutani. Sioni ubaya wake. Ila juma hili naomba turudi nyuma mstari mmoja tu.

Mstari wa 10 unasema: "Babeli utakapotimiziwa miaka sabini, mimi nitawajilia ninyi, na kuwatimizia neno langu jema."

Miaka 70! Huo sijawahi kuuona umetundikwa ukutani.

Maneno hayo yalikuwa ndani ya barua. Yeremia aliiandika akiwa Yerusalemu, ikachukuliwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, ikasomwa Babeli mbele ya watu waliokuwa wamechukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. Mtu mwenye miaka 40 siku ile, akisikiliza barua ikisomwa, hakuhitaji mwalimu wa hesabu. Alijua atazikwa Babeli. Ahadi ilikuwa ya kweli, ilikuwa yake, na hangeiona ikitimia kwa macho yake.

Sura iliyotangulia inatuonyesha kwa nini barua hiyo ilikuwa ngumu kupokelewa. Nabii Hanania alikuwa amesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba katika miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi, na Yekonia na mateka wote watarudi. Akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia ili watu waone. Ungekuwa pale, ungempigia nani makofi? Hanania aliwapa watu ahadi yenye kimo cha maisha ya mtu mmoja, jambo linaloanza na kwisha huku wewe mwenyewe ukitazama. Yeremia aliwapa ahadi ndefu kuliko maisha yao. Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa 7, na ile miaka yake miwili ikapita bila neno lake kutimia.

Na angalieni barua inavyowaelekeza wale wasioweza kuuona mwisho. Jengeni nyumba, mkae ndani yake. Pandeni bustani, mle matunda yake. Oeni, mzae, mwaoze watoto wenu ili nao wazae. Utakieni amani mji ule mliochukuliwa kwenda kukaa ndani yake, muuombee kwa Bwana. Kwa mtu anayengoja kuokolewa, haya ni maagizo ya ajabu. Hakuna vita, hakuna ishara, hakuna hata safari. Kuna kazi za nyumbani na sala kwa ajili ya majirani wasiomjua Mungu wako.

Sasa tufuate barua hii inakwenda wapi, maana haikuishia kwenye sura ya 29.

Miaka mingi baadaye tunamkuta Danieli. Alipelekwa Babeli akiwa kijana, na katika sura ya 9 ufalme wa Babeli umekwisha kuanguka, ni mzee. Anasema alisoma vitabu akafahamu hesabu ya miaka ambayo neno la Bwana lilimjia Yeremia, yaani miaka 70. Danieli, ambaye sisi tunamsoma kama nabii, hapa ni msomaji wa Biblia kama wewe na mimi. Ameketi na maandiko ya mtu mwingine, anagundua kwamba yuko ndani ya barua. Anachofanya baada ya ugunduzi huo ndicho kinachonishangaza. Hasemi, "Basi, muda umefika, tungoje." Anafunga, anavaa magunia, anaomba: "Tumefanya dhambi." Sisi. Mtu ambaye adui zake walimchunguza wasipate kosa ndani yake anajihesabu pamoja na wafalme waabudu sanamu waliotangulia kuzaliwa kabla yake. Hakusema, "Wao walikosa, sisi tukaumia." Aliingia katika kisa kizima, pamoja na sehemu zake za aibu.

Kisha Ezra. Mstari wa kwanza kabisa wa kitabu chake unasema Bwana aliiamsha roho ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, ili neno lililonenwa kwa kinywa cha Yeremia lipate kutimizwa. Watu wakarudi, wakaweka msingi wa hekalu, na wazee walioiona nyumba ya kwanza wakalia kwa sauti kuu huku wengine wakipiga kelele za furaha, hata watu wasiweze kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio. Wachache waliishi kuyaona yote mawili. Wengi wa waliorudi walikuwa watoto na wajukuu wa wale waliotii, wakapanda bustani ugenini.

Na Yekonia mwenyewe? Kitabu cha pili cha Wafalme kinafungwa na habari zake: katika mwaka wa 37 wa kuhamishwa kwake alitolewa gerezani, akabadilishiwa mavazi ya kifungo, akala chakula mbele ya mfalme wa Babeli siku zote za maisha yake. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa katika magofu ya Babeli navyo vinamtaja, vikiorodhesha mgawo wa mafuta kwa mfalme wa Yuda na wanawe. Ukisoma tu Wafalme, unaweza kudhani ni mwisho wa kusikitisha: ukoo wa Daudi umebaki kula posho mezani pa mgeni. Lakini fungua Mathayo 1:12: "Na baada ya ule uhamisho wa Babeli, Yekonia alimzaa Shealtieli, Shealtieli akamzaa Zerubabeli." Endelea na orodha hiyo ya majina tunayoirukaga, hadi Yusufu mume wa Mariamu, "aliyemzaa Yesu aitwaye Kristo." Agizo la kuoa na kuzaa ugenini lilikuwa na uzito ambao hakuna aliyeweza kuujua siku linasomwa. Njia ya Masihi ilipita katika nyumba za mateka.

Nimekaa sana kwenye barua moja, najua. Ningeweza kuanza na Abrahamu na ahadi kwamba katika yeye jamaa zote za dunia zitabarikiwa, au na neno la Mwanzo 3:15 juu ya uzao wa mwanamke. Nyuzi ziko nyingi. Nimechagua huu kwa sababu unaonyesha wazi kinachopotea tunaposoma kwa kuchuma mistari. Hata mistari yenyewe imekuja baadaye sana: mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Zinatusaidia kutafuta, na ninazitumia hapa. Lakini zimetuzoeza kufikiri kwamba mstari unajitegemea. Ukiwakuta wazee katikati ya mazungumzo, unaketi kwanza, unasikiliza walianzia wapi, ndipo unaelewa neno ulilolisikia mlangoni. Biblia inastahili angalau heshima hiyo.

Sisemi kila ukurasa unasukuma kisa mbele. Mithali hazisukumi chochote. Zinakufundisha kuishi leo. Ayubu ana maswali yake mwenyewe, na Zaburi nyingi ni kilio tu cha mtu aliye taabuni. Kisa kirefu kina nafasi ya watu kuimba, kulalamika na kupeana mashauri wakiwa njiani. Anayelazimisha kila mstari wa Wimbo Ulio Bora uwe unabii anachoka bure.

Lakini kisa kina kiini, na bila kiini hicho hata kuijua Biblia yote hakufai. Wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau walikuwa wanayajua Maandiko tangu utoto. Walijua habari zote za siku zile tatu. Walimsimulia mgeni aliyeungana nao njiani, wasijue kuwa ni Yesu, bila kukosea, hata habari ya kaburi kuwa tupu. Na bado walikuwa na huzuni: "Nasi tulikuwa tukitumaini kuwa yeye ndiye atakayewakomboa Israeli." Taarifa zote walikuwa nazo, ila walidhani msalaba umekikata kisa. Ndipo Yesu akaanza kutoka Musa na manabii wote, akawaeleza katika maandiko yote mambo yaliyomhusu yeye mwenyewe. Kwanza aliwakemea kwa kuwa wazito wa mioyo kuamini. Kisha akawasomesha upya vitabu walivyovijua, na jioni ileile wakarudi Yerusalemu.

Basi sisi tuko wapi?

Musa aliwafundisha Waisraeli jinsi ya kujibu swali hili. Katika Kumbukumbu la Torati 26, mkulima anayeleta kikapu cha malimbuko anaagizwa aseme maneno maalumu mbele ya kuhani. Anaanza na baba yake wa kale aliyekuwa Mwarami, aliyeshuka Misri. Anaposimulia mateso ya Misri, hasemi tena "yeye" wala "wao". Anasema Wamisri walitutesa sisi, tukamlilia Bwana, akaisikia sauti yetu, akatutoa. Mkulima huyo anaweza kuwa amezaliwa karne kadhaa baada ya Kutoka, hajawahi hata kuuona mto Nili. Na anaposema "akatutoa" hasemi uongo; ardhi aliyolima na mavuno aliyoyabeba yanatokana na usiku ule wa Pasaka. Paulo naye anawaandikia Wakorintho, ambao wengi wao hawakuwa Wayahudi, kwamba "baba zetu" walikuwa chini ya wingu, wote wakapita katika bahari. Ametupa sisi wa mataifa babu ambao hatukuzaliwa nao.

Na kisa hakijafungwa. Kitabu cha Matendo kinakwisha Paulo akiwa Rumi katika nyumba aliyoipanga, kwa miaka miwili mizima, akiwakaribisha wote waliomwendea, akihubiri habari za ufalme wa Mungu. Kesi yake mbele ya Kaisari ilikwendaje? Luka haandiki. Msomaji anayetaka kujua mwisho wa Paulo anaachwa na kiu, lakini Injili imefika Rumi, mlango uko wazi, na watu wanaingia. Upande wa pili kuna Ufunuo 21 na 22: mbingu mpya na nchi mpya, mji mtakatifu, na mti wa uzima uliofungiwa njia katika Mwanzo 3 sasa una majani ya kuwaponya mataifa. Sisi tumewekwa kati ya nyumba ile ya kupanga na mji ule. Tunajua yaliyotokea msalabani na kaburini, tunajua mwisho ulioahidiwa, na katikati tumepewa siku zetu hizi.

Wengi wetu mahali petu hapatakuwa pakubwa. Mwishoni mwa Warumi, Paulo anapotuma salamu, kuna mtu anayeitwa Kwarto. Tunaambiwa habari moja tu juu yake: "ndugu yetu." Basi. Hatujui alihubiri, alifunga, au aliteswa. Karibu naye yupo Tertio, aliyeushika wino akaandika waraka wenyewe, naye anajipenyeza kwa sentensi moja kutusalimu. Nawapenda sana hawa wawili. Kama kuna mtu anayesoma hapa na kuona maisha yake ni ya jikoni, ya kulea, ya kazi isiyosifiwa na mtu, ya kumuuguza mzazi, akumbuke kwamba Kwarto ameandikwa.

Ila Waebrania 11 inakwenda mbali zaidi ya faraja hiyo. Baada ya kuwataja Habili, Nuhu, Abrahamu, Musa, Rahabu na wengineo, mwandishi anasema kwamba hawa wote hawakuipokea ile ahadi, "kwa kuwa Mungu alikuwa ametangulia kutuwekea sisi kitu kilicho bora, ili wao wasikamilishwe pasipo sisi." Nimeisoma sentensi hii mara nyingi na bado inanitia woga. Abrahamu anatungoja. Yule mateka aliyepanda bustani Babeli akafa kabla ya Koreshi anatungoja. Na kama ni hivyo, basi kuna watakaokuja baada yetu ambao sisi nasi hatutakamilishwa pasipo wao, na huenda maombi fulani tunayoomba leo yatajibiwa tukiwa tumekwisha kulala.

Jambo hili linagusa namna tunavyoomba. Tumezoea kumpa Mungu muda wa Hanania: mwaka huu, mwezi huu, kabla ya ibada ijayo. Tuendelee kuomba mkate wetu wa leo, Bwana mwenyewe ametufundisha. Lakini katika orodha ya maombi yako ya juma hili, weka angalau ombi moja ambalo huenda usiishi kuliona likijibiwa: kwa ajili ya watoto wa watoto wako, au kwa ajili ya mji unaokaa na watu wake wasiomjua Kristo. Na kabla hatujakutana tena, tafuta jioni moja yenye utulivu usome kwa mfululizo Yeremia 27 hadi 29, Danieli 9, Ezra 1, kisha Mathayo 1 yote, pamoja na majina. Ukiweza, soma kwa sauti, na mtu mwingine akisikiliza.