Usiku niliolala sakafuni

Jumamosi kijana wangu alirudi na mifuko mitatu ya salfa, akaipanga koridoni, pale pale baba yake alipokuwa akiipanga kabla macho hayajamkataza kazi hiyo. Nikamwambia aitoe. "Mama, nje wataiba." Nikamwambia bora waibe. Alinitazama kidogo, kisha akaibeba mmoja mmoja hadi banda la nyuma, hakuuliza tena. Nilipiga deki mara mbili kwa maji ya sabuni. Harufu ikabaki.

Ukikaa Newala unaijua. Ni harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa karibu mno na pua, na macho yanawasha hata kama mfuko haujafunguliwa. Mikorosho ikianza kuchipua na kutoa maua, ubwiri unga, ugonjwa unaokausha maua yake, nao umeshafika, kwa hiyo kuanzia Juni wanaume wanaamka alfajiri kupuliza salfa, umande ukiwa bado juu ya majani ili unga ushike. Kwa wengi hapa hiyo ni harufu ya matumaini, maana mbele yake kuna mnada na ada za shule. Mimi inanirudisha kwenye sakafu ya koridoni, Julai 2019.

Nilikuwa na miaka 49, na nina sikoseli, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Siku zangu zilikuwa zimekaa miezi minne bila kuja. Kabla ya hapo zilikuja kwa fujo, wiki mbili mfululizo, mpaka wingi wa damu ukashuka kutoka 7, ambayo ndiyo damu yangu ya siku zote, hadi 5 na kitu, nikaongezewa chupa mbili. (Kwa mtu mwingine 7 ni ya kulazwa. Mimi nikiwa na 7 naenda sokoni na kurudi na kikapu.) Basi damu ilipokata nilishukuru. Tena zamani maumivu ya sikoseli yalipenda kunikamata siku hizo hizo za mwezi, kwa hiyo nilijua sasa napumzika kote kuwili.

Ndipo likaja lile joto. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika masikioni, halafu jasho linafunguka mwili mzima, na baada ya dakika chache umelowa na unatetemeka. Wanawake wenzangu wanalijua. Shida yangu ilikuwa nyingine. Tangu utotoni nimefundishwa kwamba homa kwa mtu wa sikoseli haichezewi: ikifika 38 unakwenda hospitali, husubiri kuche. Na mimi kila usiku nilikuwa nawaka moto. Nikanunua kipimajoto, nikawa nalala nacho chini ya mto. Joto linakuja, nakitia kwapani, nasubiri nikiwa nimeshika pumzi, nakisoma kwa tochi ya simu: 36.7. Usiku unaofuata, 36.8. Nalala nusu saa, naanza upya. Wiki ya tatu nilikuwa nalia nikichambua mboga.

Mama mdogo ndiye aliyenielewesha. Alikuja kutoka Kitangari na ming'oko kwenye kikapu, akanikuta nimekaa mlangoni najipepea na sahani ya plastiki wakati watu wamevaa masweta.

"Mwanangu, hiyo si homa. Huo ni utu uzima. Sisi sote tumepita hapo."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Shuka kitandani. Lowesha kanga, jitande, lala sakafuni. Sakafu ndiyo dawa yetu, hakuna nyingine."

Niandike wazi: hakunidanganya. Ile ndiyo dawa waliyotumia yeye na mama yangu, na iliwafaa.

Tena nilifurahi kwamba kuna mtu ananifundisha. Wenzangu walivunja ungo na miaka 13, 14. Mimi nilifika 17, kwa sababu sikoseli huchelewesha mwili. Unyagoni nilikuwa mkubwa kuliko wote, mwembamba kuliko wote. Kungwi alitufundisha kila kitu kuhusu damu inavyokuja: namna ya kujisitiri, maneno ya kutumia, yupi wa kumwambia na yupi wa kumficha. Kuhusu kuondoka kwake hakusema neno. Mafunzo hayo husubiri mpaka ufike umri wake, ukae na wakubwa waliotangulia. Na mimi mama alikuwa ameambiwa nikiwa mdogo kwamba sitavuka miaka 18. Nani angeniwekea mafunzo ya miaka 50?

Usiku huo niliteremka kitandani kama saa nane. Baba watoto alikuwa amelala upande wa ukutani, hakusikia. Gauni lilikuwa limenata mgongoni. Maji ya ndani yalikuwa ndoo moja tu, ya kununua, ya kunywa. Nilisita juu yake kwa sababu huku kwetu juu ndoo ya maji si kitu cha kuchovyea nguo, halafu nikachovya kanga, nikaikamua, nikajitanda, nikajilaza koridoni kati ya mlango wa nyuma na mifuko ya salfa.

Saruji ya Newala mwezi wa saba ina baridi ya kisima. Kwanza iliniuma visigino, halafu mgongo ukaipokea. Nilisikia joto likinitoka mabegani na kuingia chini, polepole, na nikageuka nikaweka shavu. Chini ya mlango kulikuwa na upenyo wa vidole viwili. Kusi ilikuwa ikipenya hapo na unyevu wa ukungu, na mwanga wa taa ya nje ulipita hapo hapo, umelala sakafuni hadi kwenye mfuko wa kwanza. Mfuko ulikuwa umechanika pembeni, umbali wa kiganja kutoka usoni kwangu. Unga wa njano ulikuwa umemwagika kidogo, na mdudu fulani amepita katikati yake akaacha mstari mwembamba unaokata kona, unarudi, unapotelea chini ya mfuko. Niliufuata kwa macho mara nyingi. Nilifikiri alikuwa anatafuta nini huko kwenye kitu kinachochoma vile.

Niliona raha. Sehemu hii sijawahi kumwambia daktari yeyote. Mwili ulikuwa umenikimbia kwa miezi, na pale chini ukarudi ukatulia pamoja nami. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, nikalala.

Kilichoniamsha kilianzia kwenye nyonga ya kushoto. Wenye sikoseli sihitaji kuwaeleza. Wengine nitawaambia tu kwamba mfupa unapata mapigo ya moyo wake wenyewe. Kikashuka pajani, kikahamia mgongoni, kifuani. Kanga ilikuwa bado mbichi, imenigandia. Nilitaka kumwita baba watoto, lakini taya zilikuwa zinagongana, jina halitoki. Nikawa napiga sakafu kwa kiganja. Sijui ni kwa muda gani. Saa kumi aliamka kwenda kupuliza, akatoka gizani akinyoosha mkono kuelekea mfukoni kwa salfa, akanikanyaga vidole.

Hakupuliza siku hiyo, wala nne zilizofuata. Upande wa mikorosho uliokuwa zamu yake ulipigwa na ubwiri unga, maua yakakauka, na msimu ule tulivuna kidogo sana huko. Hajawahi kulitaja mpaka leo.

Hospitali nayo niipite haraka. Nilipimwa malaria, haikuonekana. Kijana wa zamu aliposikia sikoseli alitazama mwaka wangu wa kuzaliwa, akautazama tena, akaniuliza kama nina uhakika na ugonjwa wangu. Nilikuwa sina nguvu ya kumhakikishia. Sindano, dripu, siku tano.

Siku ya pili mama mdogo alikuja wodini na uji. Aliniinamia sikioni. "Ulilala sakafuni?"

Nikasema hapana.

Baadaye nilipelekwa kliniki mjini Mtwara, nikateremka kwa basi kupitia Tandahimba na Nanyamba, nyonga inalia kila shimo. Kwenye benchi walikuwa akina mama wenye watoto mapajani. Picha ukutani zote za watoto. Nesi aliita namba yangu, akatazama mikono yangu mitupu. "Mtoto yuko wapi, mama?" Nikamwambia mgonjwa ni mimi. Alinyamaza, kisha akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mama mmoja mwenye binti wa kama miaka 6 akanisogelea, akaniuliza nina umri gani. Nikamwambia. Akaniuliza tena kwa sauti ya juu zaidi, na nikaelewa kwamba alitaka binti asikie. Nikasema, "49." Binti alinitazama, akarudi kwenye andazi lake.

Daktari alichora nyuma ya karatasi ya vipimo. Kwetu sisi, alisema, maji yakipungua mwilini chembe nyekundu hukakamaa na kujikunja kama mundu, zinanasa kwenye mishipa midogo. Baridi nayo inaibana mishipa ile ile. Jasho la usiku lilininyang'anya maji. Kanga mbichi, sakafu na kusi vikamalizia. Nikamuuliza kuhusu vidonge vya homoni vya kutuliza lile joto, ambavyo jamaa yangu wa Dar alinisifia. Akasema vya kumeza vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa, na damu ya sikoseli tayari ina tabia hiyo, hivyo kwangu asingependa. Kuna mabandiko ya kubandika kwenye ngozi, hatari yake ni ndogo zaidi, ila yeye hakuwahi kuyaona yakiuzwa Mtwara. Halafu akaweka kalamu chini. "Mama, wengi ninaowatibu hawajafika miaka 18. Hapa ulipofika tutajifunza pamoja."

Nilirudi Newala na maneno hayo. Sijui mpaka leo kama yalinifariji au yalinitisha. Wakati ule nilikuwa nameza foliki peke yake, kidonge cha kusaidia mwili kutengeneza damu. Baadaye nikaanzishiwa haidroksiyurea, dawa ya sikoseli, na maumivu yamepungua sana. Joto halijaisha, mwaka wa sita huu. Nimejipangia mambo madogo: kanga mbili kavu juu ya kiti, nabadilisha papo hapo kabla jasho halijapoa, shuka jepesi chini na blanketi juu, ili nifunue kidogo kidogo, chupa ya maji ya uvuguvugu karibu na kitanda, na lita tatu kwa siku hata kama ndoo imepanda bei. Kipimajoto kipo, kwa sababu siku moja itakuwa homa kweli. Wifi ananiletea uwatu, nakunywa. Sina hakika unafanya nini, ila nampenda kwa kunikumbuka.

Mama mdogo alifariki 2022. Hakuwahi kujua. Nilipotoka hospitali alikuwa bado anawashauri wanawake wa Kitangari walale sakafuni, na kwa wote hao ushauri ulikuwa sahihi. Kuna siku naona nilimtunzia moyo wake. Kuna siku nafikiri, je, kama kati ya aliowashauri alikuwepo mwingine wa damu kama yangu? Zamani jibu lingekuwa rahisi, kwamba hatufiki. Siku hizi tunafika. Yule binti wa andazi sasa atakuwa na miaka 12, yuko karibu kuanza kufundishwa, na atafundishwa mwanzo tu. Ndiyo maana naandika haya hata kama mambo ya damu ya mwezi tulifunzwa kutoyasema mbele za watu.

Jumamosi usiku, baada ya kupiga deki, joto lilikuja kama saa nane. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikabadilisha kanga, nikanywa maji. Miguu ilikuwa inagusa sakafu. Ilikuwa na baridi ile ile, na harufu ya kiberiti inapita chini ya mlango. Niliiacha miguu pale, nikahesabu mpaka 20, halafu nikaipandisha juu na kuifunika.