Tunachanga kusafirisha mwili, lakini lifti ya kwenda mkutano wa kuacha pombe hakuna

Nimetoka shifti ya usiku nikafungua WhatsApp ya grupu yetu ya Wakenya hapa Minnesota, Marekani, nakuta tena: picha ya kijana amevaa suti, mishumaa pembeni, namba ya Zelle (ya kutumiana pesa kwa simu) ya mchango wa kupeleka mwili nyumbani. Eti ametuacha baada ya kuugua kwa muda mfupi. Muda mfupi gani jamani? Kila nyama choma ya summer tulimwona anabebwa mzobemzobe mpaka kwa gari, na watu wanacheka, wanasema huyo ni wetu, kesho atatoa loki, anywe kidogo ya kuondoa hangova, atakuwa sawa.

Nina hasira na naomba mnivumilie. Kusafirisha mwili mpaka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ni maelfu ya dola na sisi tunazipata ndani ya wiki, hata wale wa shifti mbili mbili wanatuma, na kwa hilo najivunia watu wangu sana. Lakini mtu akiwa hai akisema pombe imenishinda, anapata nini? Ataombewa Jumapili, na Jumatatu atasengenywa mpaka mama yake kule Nyeri apigiwe simu.

Mimi niliacha kupitia AA (Alcoholics Anonymous, mikutano ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe), na walionishika mkono hawakuwa watu wa kwetu. Kulikuwa na mzee mmoja mzungu, amestaafu, winta yote alikuwa ananirudisha nyumbani baada ya mkutano kwa sababu saa hiyo basi zimeisha. Hakuniuliza kabila, hakuniuliza makaratasi, hakutaka hata pesa ya mafuta. Alikuwa anasema tu, tuonane Jumanne. Sasa niambieni, huku tumejaa magari, nani kati yetu amewahi kufanya hivyo?

Na vitu viko, tena hapa tulipo. Minnesota ndiyo yenye Hazelden, ile rihabu ya tangu 1949, watu wanatoka majimbo mengine kuja kutibiwa huku, na sisi tunaoishi hapa tunafia kwa apatimenti. Tena rihabu ndiyo ya pesa (nyumbani mnajua wazee wangapi wameuza shamba kulipia kijana miezi mitatu), mkutano wa AA hauna bili. Hawaulizi bima. Kapu linapita, ukiwa na dola weka, huna pitisha.

Kuupata ni rahisi. Kuna app ya bure inaitwa Meeting Guide, unaona mikutano iliyo karibu na wewe na saa zake, mingi iko kwa beismenti za makanisa. Ukiona umeandikwa "open" mtu yeyote anaingia, hata wa kusindikiza. "Closed" ni ya mwenye hamu ya kuacha, na hiyo hamu ndiyo kiingilio pekee, hakuna fomu. Unakuta kahawa, viti, watu wanataja jina la kwanza tu. Ikifika zamu yako na hutaki kuongea, sema unapita, hakuna atakayekulazimisha. Anayeongea hakatizwi na hapewi ushauri, na kwa mtu aliyelelewa na vikao vya wajomba wa kumgombeza hiyo pekee ni dawa. Baadaye unatafuta sponsa, yaani mtu aliyetangulia ambaye unaweza kumpigia saa tatu usiku ukiwa umesimama nje ya duka la pombe.

Wachungaji wetu wasiogope. AA siyo kanisa, wanasema Mungu kama kila mtu anavyomwelewa, nimekaa na Waislamu humo, nimekaa na wasioamini chochote. Asiyetaka mambo ya Mungu kabisa kuna SMART Recovery, mikutano mingine ya kuacha. Mke au mama anayeumia na mlevi nyumbani aende Al-Anon, mikutano ya familia za walevi, hiyo ni yake yeye hata kama mlevi amekataa kuacha. Wa shifti za usiku, iko ya Zoom mchana na usiku.

Ila kama unakunywa kila siku, tena vile vikali, na ukikosa mikono inatetemeka, usikate ghafla peke yako kwa chumba. Kuna watu wanapata degedege, wengine wanakufa. Ona daktari kwanza, au piga 1-800-662-4357, laini ya msaada ya hapa Marekani, ni bure saa 24. Walio Kenya, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana 1192, bure pia.

Na nyinyi mnaojipanga kuja, mkae mkijua huku ukishikwa unaendesha umelewa huongei na askari yakaisha barabarani. Inaandikwa. Ukihukumiwa mara mbili ndani ya ile miaka ya kabla ya kuomba uraia wanayokuangalia tabia, uraia wenyewe unaweza kuukosa. Halafu kuna upweke wa winta, saa kumi na moja jioni giza, na chupa huku ni bei rahisi ukilinganisha na mshahara. Aliyekuwa anakunywa wikendi Thika anajikuta anakunywa kila siku Brooklyn Park, hapa kwetu Minnesota.

Kwa hiyo nimemwandikia mwenyekiti wa grupu: kila tangazo la mchango wa msiba lifuatwe na ratiba ya mikutano ya wiki hiyo. Hajanijibu. Mimi nina gari, Jumanne na Alhamisi jioni niko ofu, naweza kubeba watu wanne kutoka Brooklyn Park au Brooklyn Center. Niandikieni inbox tu, jina la kwanza linatosha, na nitangoja nje mpaka utoke.