Chumba 306 na chumba namba saba

Mwanangu kaja na homework ya Martin Luther King, si mnajua Januari hapa Marekani ndo zao, anaandika huku anatafuna, mara kaniuliza, baba, ile moteli aliyopigwa risasi, mtu anaweza kwenda kulala? Nikamwambia hapalaliki, ni makumbusho toka 1991. Yeye kaendelea kuandika. Mimi ndo nikabaki namuwaza mjomba.

Mjomba wa Makambako, mwenye gesti. Alipokuja kututembelea Memphis tulimzungusha kila kona. Mto Mississippi akauangalia kidogo akasema mchafu, Beale Street akasema kelele, tamasha la Africa in April pale Church Park akanunua kofia halafu akailalamikia bei mpaka jioni. Kilichomkosha ni kitimoto. Zile mbavu za Memphis za kupakwa viungo vikavu bila sosi, alizikalia kimya mpaka mfupa wa mwisho, kisha akataka kujua kilo wanauzaje. Ndo alivyo, hakuna asichokipigia hesabu.

Sasa tulipofika Lorraine Motel, ndo hiyo moteli ya King, nilikuwa nimejipanga kumpa somo zima, wazoa taka waliogoma Februari 1968 baada ya wenzao wawili kusagwa na mashine ya gari la taka, King kuja kuwaunga mkono, na jioni ya tarehe 4 Aprili, saa kumi na mbili na dakika moja, risasi ikamkuta kibarazani ghorofa ya juu. Mjomba wala. Amesimama kwenye paking karibu na yale magari mawili ya zamani, shingo juu, anahesabu milango kwa kidole, midomo inacheza. Milango ya bluu iliyopauka, reli ya chuma, na mbele ya 306, chumba alichofikia King, shada la maua mekundu na meupe. Akamaliza kuhesabu, akageuka.

"Mwenyewe nani?"

Bahati nzuri hilo nalo nalijua. Nikamwambia ni Walter Bailey, mtu mweusi, aliinunua 1945, jina kalitoa kwa mkewe Loree. Enzi hizo hoteli za wazungu mtu mweusi halali, kwa hiyo wasafiri weusi wengi wanaishia hapa, hata wanamuziki waliokuja kurekodi Stax, studio ya muziki ya hapa Memphis. Mjomba akatikisa kichwa, akasema kwa hiyo ilikuwa inajaa. Ilikuwa inajaa, mjomba.

"Na mama mwenye gesti?"

Hapo nikasita kidogo maana kanaumiza haka. Jioni ileile ya risasi Loree alipata kiharusi, akafa tarehe 9 Aprili, siku ambayo King anazikwa.

Mjomba akavua kofia, ileile ya bei mbaya. Akaniuliza mume alifanyaje, nikasema aliendelea kupokea wageni, biashara ikashuka mwaka hadi mwaka, 1982 ikapigwa mnada. Na chumba kile? Hakukikodisha tena, nikamwambia, alikiacha kama kilivyo.

"Hakukikodisha kabisa?"

"Kabisa."

Akakaa kimya mpaka nikadhani jua limemchosha. Halafu bila kuniangalia akaanza, yaani ndo kwanza nasikia, kwamba zamani kuna mfanyabiashara wa mahindi alifia pale gesti, namba saba, usiku, kalala tu hakuamka. Polisi walipoondoka na mwili, mjomba akaita fundi, rangi mpya siku hiyohiyo, godoro akalichoma, na namba akaing'oa mlangoni akaipigilia kwenye mlango wa stoo. Chumba kikawa kumi na moja. Kesho yake kina mgeni. "Gesti ikishasemwa imelaza maiti, mjomba, umekwisha," akasema. Mimi ile saba ya stoo nimeiona toka mdogo, nilidhani fundi alikosea.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Jacqueline Smith, watu wa Memphis wanamjua, mpangaji wa mwisho wa pale, walimtoa kwa nguvu Machi 1988 na toka hapo anapinga makumbusho nje, anataka hela zile ziwafae maskini. Nilimweleza mjomba nikitegemea atamuonea huruma. Akasema mpangaji wa hivyo ukimpata utauza nyumba! Lakini kabla hatujaondoka alivuka, akampa mkono, akasema pole mama, kwa Kiswahili.

Ndani sitasimulia sana. Pale kwenye kioo cha 306, kitanda kimevurugwa, vikombe vipo, mjomba akaganda watu wanasubiri nyuma yetu, akaninong'oneza: "Huyu mzee angepata pesa ngapi?"

Sijui alikuwa anamsifu Bailey au anamshangaa, na nilishindwa kuuliza. Ada yangu ya sekondari ilitoka gesti ile, huenda na kwenye kile cha kumi na moja, kwa hiyo mimi wa kumhukumu mjomba sipo.